Hiyo "Mjerumani Orijino" ya Sebuleni Kwako ni Chai, Tena Haina Sukari

Wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina kesi.

Mnatutaniaga sisi Wapare kwamba tukiibiwa kuku, tunauza ng'ombe ili tupate nauli ya kwenda mahakamani. Sawa, nimekubali. Leo nauza ng'ombe. Na kuku mwenyewe ni bunduki.

Staa mmoja wa hapa mjini (utaratibu mnaujua, hatutaji majina, na ukimtaja kwenye komenti nafuta) aliposti picha ya sebule yake mpya. Kochi jeupe, zulia la manyoya, taa za ukutani, na juu ya televisheni imetundikwa bunduki ndefu ya kizamani. Chini akaandika hivi: Mauser orijino ya Mjerumani, imepigana vita vya Tanga 1914, ya babu mzaa babu yangu wa Kifaru, Upare, bei inaanzia dola 8,000, wasio na pesa wasinisumbue inbox.

Chawa wakashuka kama mvua ya masika. "Historia inaishi." "Mfalme wa vitu vya kale." "Wengine wananunua magari, wewe unanunua urithi." Mmoja akalia kabisa kwenye video, machozi ya kweli, akimlilia babu asiyemjua.

Mimi nikasoma neno moja tu: Kifaru.

Kuna watu wa mjini wakisikia Kifaru wanadhani ni mnyama, wengine wanadhani ni lile gari la jeshi la minyororo. Kifaru ni kwetu. Ukitoka Himo unaelekea Mwanga, milima ya Upare iko kushoto kwako, jua linachoma hadi lami inacheka, ndipo hapo. Bibi yangu kazikwa huko. Sasa mtu akiandika jina la kwetu pembeni ya bei ya dola, mimi nasoma mara mbili. Tena huyu staa, kwenye mahojiano yake ya nyuma, aliapa kwamba yeye ni mtu wa pwani mtupu, hana hata shangazi bara. Babu wa Kifaru kaota lini?

Nikavuta picha. Nanyi vuteni na mimi.

Kwanza angalia umbo, halafu ndio usome maneno

Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898, ile maarufu ya Mjerumani inayoitwa Gewehr 98, inabeba risasi 5, na kasha la risasi limezama ndani ya ubao. Ukiiangalia kwa ubavu, tumbo lake limenyooka, hakuna kitu kinachoning'inia mbele ya kifyatulio.

Ya sebuleni kwa staa ina kiboksi cha chuma kimechomoza chini, mbele ya kifyatulio. Na pua yake ni butu, ubao umefika hadi mwisho wa mtutu kana kwamba mtu kaikata kwa msumeno. Hiyo wadau ni Lee-Enfield fupi, bunduki ya Mwingereza, inayobeba risasi 10 kwenye hicho kiboksi. Hauhitaji shahada. Ni kama kutofautisha bajaji na bodaboda, ukishaambiwa mara moja basi.

Halafu soma mihuri

Bunduki za jeshi za zamani zinajieleza zenyewe. Zilikuwa mali ya serikali, na serikali inapiga muhuri kila kitu. Kwenye Lee-Enfield, tazama upande wa kulia, pale chuma kinapokutana na kitako cha mti. Pana taji, chini yake herufi za mfalme au malkia, kisha kiwanda, kisha mwaka. V.R. ni Malkia Victoria. E.R. ni Mfalme Edward. G.R. ni Mfalme George.

Kwenye posti ya kwanza ya staa, kabla hajaifuta, taji lilionekana. Chini yake G.R. Na chini zaidi, ukivuta picha mpaka ichoke, mwaka: 1917.

Rudia na mimi taratibu. Bunduki iliyotengenezwa 1917. Vita vya Tanga vilipiganwa kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Yaani hii bunduki ilipigana miaka mitatu kabla ya kuzaliwa. Hata wale wanaopunguza umri kwenye pasipoti za mpira hawajafika huko.

Chawa mmoja akanijibu kwamba hata Mjerumani alikuwa na taji. Hapo nampa maksi yake, ni kweli. Gewehr 98 nazo zina taji, ila limekaa juu ya pete ya chuma mwanzo wa mtutu, na chini yake pana jina la kiwanda na mwaka: Spandau, Erfurt, Danzig, Amberg. Ubavuni kushoto imeandikwa Gew. 98 kwa yale maandishi ya kizamani ya Kijerumani yenye mikia. Taji peke yake halitoshi, ndiyo maana unasoma na kinachofuata chini ya taji. G.R. ni Kilatini cha Mfalme George wa Uingereza. Mfalme wa Ujerumani aliitwa Wilhelm. Yameisha.

"Lakini Wajerumani waliteka bunduki za Waingereza!"

Huyu aliyeandika hivi alinifurahisha, maana kumbe kuna mtu kasoma. Tumpe haki yake.

Ni kweli. Vita vilipoanza 1914, jeshi la Mjerumani hapa kwetu lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu kama 260 hivi. Wengi wa askari hao hawakuwa hata na hiyo Mauser mpya. Walikuwa na modeli ya 1871, risasi nene ya milimita 11, baruti nyeusi inayotoa moshi. Ukipiga mara moja, adui anaona wingu anajua umejificha wapi. Kwa hiyo kumbukeni na hili: hata "ya Mjerumani 1914" ya kweli, kuna uwezekano mkubwa isingefanana kabisa na ile mnayoiona kwenye sinema.

Pale Tanga Waingereza na kikosi chao kilichotoka India wakapigwa, wakapanda meli wakaacha vitu. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akaokota bunduki na risasi nyingi. Aprili 1915 ikaja meli ya Rubens kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na bunduki nyingine. Waingereza wakaipiga meli, lakini mzigo mwingi ukaokolewa, risasi zilizolowa zikaanikwa kama dagaa. Wakaendelea hivyo hivyo kwa kuteka. Walipoweka silaha chini kule Abercorn, leo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizokabidhi zilikuwa 1,071, na zilikuwa za Mwingereza na za Mreno.

Kwa hiyo askari wa Mjerumani kushika bunduki ya Mwingereza inawezekana sana. Ila ukitaka kusema hivyo, sema hivyo, na uoneshe ushahidi. Usiseme Mauser. Usiseme Tanga 1914 kwa chuma cha 1917. Ukweli wa jumla hauoshi uongo wako wa rejareja.

Sasa hapa ndipo nilipokasirika

Mpaka hapo ilikuwa kiki ya kawaida. Mjini watu wanadanganya kuhusu nyumba za kupanga na magari ya kuazima, bunduki nayo ikajiunga. Ningecheka nikalala.

Siku tatu baada ya watu kuanza kuhoji ule mwaka, staa akafuta posti, akapandisha nyingine. Bunduki ile ile, ukuta ule ule. Ila sasa inang'aa. Mti umepigwa msasa hadi umekuwa mwekundu, umepakwa vanishi kama meza ya seti mpya ya sebuleni. Chuma kimepakwa weusi wa kuvutia. Na pale kwenye taji, G.R. na 1917, pako laini. Hakuna taji. Hakuna mfalme. Hakuna mwaka. Akaandika: "Imefanyiwa huduma, imerudi kuwa mpya. Orijino haifi."

Wadau, imekufa. Wewe ndiye umeiua.

Ngoja nieleze taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Kwenye vitu vya kale, orijino haimaanishi inang'aa. Inamaanisha imebaki kama ilivyotoka kiwandani na kama maisha yalivyoifanya, bila mkono wa mjanja kupita. Watu wanaozijua hizi kazi wanaangalia hivi:

Namba. Lee-Enfield ilipigwa namba ile ile kwenye mwili, kwenye mtutu, kwenye bolti, hata kwenye kile chuma cha puani. Namba zikifanana, vipande vimezaliwa pamoja. Zikitofautiana, ni mchanganyiko. Zikiwa hazipo kabisa, jiulize nani kazitoa, na kwa nini.

Kingo. Muhuri wa kiwandani umezama, kingo zake kali. Ukipita msasa, herufi zinafifia kama maandishi ya khanga iliyofuliwa sana, na kona za chuma zinakuwa za duara.

Kutu chini ya rangi. Chuma cha miaka 100 kina vishimo. Ukikuta weusi mpya umetulia ndani ya vishimo vya zamani, hiyo rangi imekuja juzi.

Skurubu. Vichwa vilivyotafunwa na bisibisi isiyo saizi yake vinakuambia imefunguliwa na fundi wa kubahatisha.

Mti. Jeshi lilipaka mafuta, halikupaka vanishi. Mti wa jeshi una mihuri yake pia, na msasa unaila yote asubuhi moja.

Staa kwa jumamosi moja amefuta namba, mihuri, kingo na mti. Halafu anaiita orijino. Ni sawa na kumchoma mtu cheti cha kuzaliwa, ukampaka poda, ukasema sasa ndiyo nimemjua umri wake.

Na wenye kutafuta feki duniani hawajaanza leo. Kuna mafundi wa milimani kule Pakistani, upande wa Khyber, wanatengeneza Lee-Enfield kwa mkono miaka na miaka. Mkono wao ni mzuri, sema muhuri huwaumbua. Zimekutwa zenye herufi N iliyogeuzwa nyuma mbele kwenye neno ENFIELD. Zimekutwa zenye V.R. ya Malkia Victoria na mwaka wa baada ya 1901, mwaka ambao malkia alifariki. Yule angalau anapiga muhuri akakosea. Wa kwetu alikuwa na muhuri wa kweli mkononi, akaufuta.

Nikapanda basi

Mnajua Mpare na kesi. Nikapanda basi.

Sitasema nyumba ya nani wala upande gani wa barabara. Nilichokuwa nacho ni picha na jina la Kifaru, na kwetu habari haifichiki. Kufika jioni nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya mzee mmoja, umri wa babu yangu angekuwa hai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa nani wewe?"

Nikajieleza ukoo, nikapewa maji, nikapewa na ndizi. Ndipo nikamwonesha simu. Akaishika mbali na macho, akaivuta karibu, akaniambia: "Hii si yetu. Yetu ilikuwa chafu."

Nikamwonesha skrinshoti ya kwanza, ile ya kabla ya msasa. Akanyamaza kidogo. "Eeh. Hii ndiyo."

Wadau, babu yake na mtu huyu hakupigana Tanga. Mzee mwenyewe ndiye kaniambia, bila kuulizwa. Baba yake alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge enzi za Mwingereza, na bunduki ilikuwa ya shamba. Mwenye shamba akaondoka. Mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa 1967, mambo yakabadilika, bunduki ikabaki juu ya dari, haina risasi, bolti imeganda kwa kutu. Watoto waliogopa kulala chumba kile.

"Mimi sikumwambia Mjerumani," mzee akasema. "Mjerumani nimwambie wa nini? Nilimwambia baba alikuwa mlinzi."

Akaja dalali kijana, mstaarabu, ana gari. Akasema anatoka kwa watu wanaokusanya vitu vya kupeleka makumbusho. Mzee akafurahi, maana kwa miaka alikuwa anaogopa kile chuma kikutwe nyumbani kwake. Akapewa laki mbili "ya soda". Bunduki ikafungwa kwenye gunia, ikaondoka.

Sasa sikiliza hapa. Mzee akaingia ndani akatoka na bati la biskuti. Ndani yake, kadi za zamani, risiti za kodi ya kichwa, na karatasi moja imekunjwa mara nne hadi imekatika kwenye mikunjo. Kibali cha bunduki cha enzi ya mkoloni. Jina la shamba. Aina ya silaha. Na namba ya bunduki imeandikwa kwa wino: herufi moja na tarakimu nne.

Hiyo karatasi, ikikutana na chuma chenye namba hiyo hiyo, ndiyo orijino. Ndiyo kitu ambacho watu wa makumbusho wanakitafuta, kitu na karatasi yake, mkono kwa mkono, toka kiwandani hadi juu ya dari ya Kifaru. Leo karatasi iko kwenye bati la biskuti na chuma kiko juu ya televisheni, na hakuna mtu yeyote duniani atakayeweza tena kuapa kwamba vilikuwa vya pamoja. Msasa wa shilingi elfu moja.

Mzee aliniuliza swali moja tu. "Kwa hiyo haikufika makumbusho?"

Nilishindwa kumjibu nikimtazama. Staa, hilo swali nakuachia wewe.

Uongo uliomeza ukweli mzuri zaidi

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hukuhitaji kudanganya.

Mnataka vita? Vita vilipita kwetu kweli. Reli ya Tanga ilifika Moshi 1911, na Moshi ikawa ngome ya Mjerumani upande wa kaskazini. Machi 1916 Waingereza wakachukua Moshi, wakapigana Kahe, Wajerumani wakalipua mzinga wao mkubwa wasiuache mzima. Ulikuwa mzinga wa meli, wa ile Königsberg iliyozama Rufiji Julai 1915. Mvua zilipopungua, Mei, majeshi yakashuka kando ya Upare, Mjerumani anarudi nyuma anang'oa reli, Mwingereza anafuata. Mababu zetu wa tambarare waliona yote hayo wakiwa wamebeba mizigo. Hao wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliitwa Carrier Corps. Wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye daladala ya Kariakoo, jina la hilo soko limetoka kwao. Unalitaja kila siku.

Mnataka mwaka 1917? Mwaka huo Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR, wakachukua ndani yake askari waliokuwa wa Mjerumani jana yake tu. Mtu mmoja, vita moja, bendera mbili. Sisemi bunduki ya dari ya Kifaru ilipita mikononi mwao. Nasema mwaka 1917 ulikuwa na hadithi ya kutosha, usingehitaji kuuita 1914.

Na hata bila vita. Mlinzi wa mkonge anayelala macho usiku kucha na bunduki ya mfalme asiyemjua, akilinda mali isiyo yake, kwa posho. Hiyo ndiyo historia ya wengi wetu. Haina mbwembwe, haiuziki dola 8,000, lakini ni ya kwetu na ni ya kweli. Staa kaona haitoshi, akamfukuza mlinzi, akamwingiza shujaa wa Tanga ambaye hakuwahi kuishi. Kamwibia mzee chuma, halafu kamwibia na baba.

Majibu kwa chawa, kabla hamjachoka

"Una wivu." Wivu wa nini? Sitaki bunduki sebuleni. Nina televisheni tu na inanitosha.

"Ni burudani tu, acha watu waishi." Burudani ni wimbo. Ukiweka bei ya dola ni biashara, na biashara ya kuuza 1917 kwa jina la 1914 ina jina lake kwa Kiswahili.

"Mbona mzee alipokea hela?" Alipokea akiambiwa makumbusho. Angeambiwa sebuleni kwa msanii, angekataa. Kaniambia hivyo hivyo.

"Kila mtu anasafisha vitu vyake." Nendeni Mombasa, Fort Jesus. Pale nje kuna mizinga miwili, mmoja wa Königsberg na mmoja wa meli ya Mwingereza Pegasus. Ni mizito, imezeeka, haina vanishi. Ila ukiuliza imetoka wapi unajibiwa meli gani, maana historia yake haikukatwa katikati. Hivyo ndivyo kitu cha kale kinavyotunzwa. Kinatunzwa na jina lake.

Na sasa swali langu kwa staa, moja tu, na nitalirudia kila wiki hadi lijibiwe. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha ina kibali, na kibali kina namba. Kama una kibali cha hiyo ya ukutani, namba iliyoandikwa kwenye kibali chako iko wapi kwenye chuma? Umeifuta wewe. Na kama hauna kibali, basi umeposti mwenyewe, kwa hiari yako, na mwanga mzuri.

Kwa ninyi wenye chuma juu ya dari

Najua mpo. Upare, Usambara, Tabora, Songea, kila ukoo una kitu: gobole la babu, rupia, panga la askari, bunduki iliyokufa. Nawaomba vitu vinne.

Usisafishe. Hata kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Uchafu ni sehemu ya cheti.

Usiuze kwa mtu anayekuja na gunia. Mtu wa makumbusho anakuja na karatasi, anaandika, anakuachia nakala.

Kama ni silaha, usikae nayo na usiihamishe mwenyewe. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda polisi, ueleze. Serikali mara kwa mara hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na hata nje ya hapo, anayekwenda mwenyewe anasikilizwa tofauti na anayefumwa. Omba Makumbusho ya Taifa wajulishwe kabla chuma hakijayeyushwa.

Na muhimu kuliko vyote, kaa na mzee wako, washa simu, mrekodi. Nani alikuwa nayo, aliipata wapi, lini. Hiyo sauti ndiyo namba ambayo msasa hauwezi kuifuta.

Mzee wa Kifaru keshaenda na karatasi yake polisi, tumeongozana na mwenyekiti. Kaandika maelezo, karudi nyumbani, kalala. Anasema ni mara ya kwanza tangu utoto analala chini ya dari ile bila kuiwaza.

Staa, bado una nafasi. Teremsha hicho kitu ukutani, kipeleke kinakotakiwa, na useme ukweli kuhusu kilikotoka. Hautarudisha taji wala mwaka. Ila utamrudisha mlinzi.

La sivyo, wadau, mimi ni Mpare. Ng'ombe bado ninao.

Komenti ziko wazi. Kwenu mna nini juu ya dari, na nani alikwambia ni cha nani? Majina ya mastaa nafuta, nimeshasema.